SOMO: Mbele koperative inunue motere ya mtumbwi



Hapa Kipushi tunazoea kuongea juu ya mahindi, mbolea na maharagi. Lakini koperative zetu fulani zinafanya biashara na wenzao wa Kasenga, Kilwa na Pweto: unga unaenda, samaki wanarudi. Na sasa ulizo linakuja katika mikutano: «Agronome, tununue motere gani?» Mimi si mekanisye. Lakini hesabu ya motere ni sawa na ya shamba: kinachoingia, kinachotoka, kinachobakia.

Najua koperative moja, jina nalificha. Walichanga makuta miaka miwili, wakanunua motere ya farasi 40 juu jirani alikuwa na ya 25. Haikuharibika, ilikuwa nzima kabisa. Paka esanse ndiyo ilikula faida yote ya samaki. Leo motere inalala ndani ya depo, na wamama waliotoa mchango wanauliza makuta yao iko wapi.

1. Anza na mtumbwi, si motere

Mtumbwi wa mzigo uko na mwendo wake wa mwisho. Pima urefu wake ndani ya maji. Ukiwa metre 9, tafuta hesabu inayojizidisha yenyewe na kutoa 9: ni 3. Zidisha mara 4,5: unapata karibu kilometre 13 kwa saa. Ukitaka kupita hapo, mtumbwi unasukuma mlima wa maji mbele yake: esanse inaungua mingi, mwendo unaongezeka kidogo tu.

Tuchukue mfano wa safari ya kilometre 40 na mzigo, motere ya kuchanganya oili na esanse:
- Farasi 15, mwendo wa 10 kwa saa: saa 4 × litri 6,5 = litri 26.
- Farasi 40, mwendo wa 13 kwa saa: saa 3 × litri 17 = litri 51.

Mumepata saa moja, mumeunguza litri 25 zaidi. Ile saa moja inawaletea faida gani sokoni?

2. Hesabu safari ngumu

Luapula inatoka Bangweulu na kuingia Moero. Kushuka ni rahisi. Hesabu kupanda, mzigo ukiwa mzima. Tena ziwa letu liko juu, karibu metre 920, na hewa ni nyepesi: motere inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Ile ya 15 inafanya kazi kama ya 13 na nusu.

3. Motere ya namna gani?

- Ya kuchanganya oili na esanse: nyepesi, mekanisye wengi wanaizoea, lakini inakula mingi. Kipimo mara nyingi ni litri 1 ya oili kwa litri 50 za esanse. Fuata kitabu chake.
- Yenye oili yake mbali: inakula kidogo kuliko ya kwanza, lakini bei iko juu, na oili lazima ibadilishwe kwa wakati.
- Ya mazutu: inakula kidogo kuliko zote, lakini ni nzito. Inafaa mtumbwi mkubwa unaofanya kazi karibu kila siku.

4. Pima mguu wa motere

Kuna mguu mfupi, wa santimetre 38 hivi, na mrefu, wa 51 hivi. Pima nyuma ya mtumbwi mbele ya kulipa. Mguu mfupi mno unafanya elise ivute hewa. Mrefu mno unagonga mchanga.

5. Nani ataitengeneza?

Uliza kule kwenye bandari, si kwa mwenye kuuzisha. Buji, elise, na kampira kanakovuta maji ya kupoza motere vinapatikana Kasenga? Kama hapana, hapana kununua. Motere ya okazyo ijaribiwe ndani ya maji, ikiwa na mzigo, kuanzia ikiwa baridi. Angalia maji yanayoruka nyuma: yakikatika, zima mara moja. Omba karatasi zote, zaidi kama imevuka mpaka.

6. Bei ni mwanzo tu

Andikeni ndani ya daftari: esanse, oili, piese, mshahara wa mwendeshaji, gileti ya kuogelea kwa kila mtu. Kila safari, wekeni kiasi pembeni kwa ajili ya motere ijayo. Kumbukeni pia kwamba upande wa Zambia uvuvi unafungwa tangu mwanzo wa mwezi wa 12 mpaka mwisho wa mwezi wa 2. Miezi ile motere itabeba nini?

Maulizo ya kujadiliana

1. Mtumbwi wetu ni metre ngapi, na unabeba mifuko ngapi?
2. Tutafanya safari ngapi kwa mwezi?
3. Esanse ikipanda bei, faida inabakia?
4. Nani anachunga daftari, na nani anamwangalia?

Mkikosa jibu la moja kati ya hayo, makuta ibakie kwanza katika kisanduku. Kukodi mtumbwi wa mwenzako msimu mmoja, huku mukiandika kila litri, ni masomo ya bei ndogo.