Kodi ikifujwa, nani alipe?

Swali: Zahanati ya wadi yetu, hapa Kenya, ilijengwa ikafika lenta, ikaachwa na nyasi. Nifanye nini na kodi ninatozwa kila siku?

Jibu: Una haki ya kukasirika. Soma ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuhusu kaunti yako, hasa sehemu ya miradi iliyokwama. Kisha iandikie kaunti uombe mkataba na hati za malipo. Sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari inawapa siku 21 kujibu. Wakikunyamazia, lalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala. Na ukishika hati hizo, taja Kifungu 226(5) cha Katiba: afisa aliyeidhinisha matumizi kinyume cha sheria huifidia hasara mwenyewe, hata akiwa ameshaondoka ofisini.