Mada: Ukinzani wa Ndani na Uchaguzi wa Betri ya Bajaji

Swali la mada hii mara nyingi huanza na hesabu na kumalizika kwa "eleza kwa nini". Watahiniwa wengi hupata namba, kisha huacha alama kwenye maelezo. Tuanze basi na tatizo lenyewe, fomula zitakuja.

Bajaji inabeba abiria kati ya Mtwara mjini na Mikindani. Asubuhi dereva anabonyeza stata, inagongagonga kidogo, kimya. Taa ya mbele inawaka vizuri. Fundi anaweka mita kwenye betri: volti 12.6. Je, betri ni nzima au imekufa? Dereva anadaiwa hesabu ya tajiri jioni, na bei ya betri ni kazi ya siku kadhaa. Akinunua bila sababu, fedha imekwenda na bajaji bado haiwaki.

Volti 12.6 ni kipimo cha betri iliyopumzika. Mita huvuta mkondo mdogo mno, kwa hiyo husoma E, yaani volti za betri isiyobeba mzigo. Ndani ya kila betri kuna ukinzani, r, na mzigo ukianza kuvuta mkondo I, sehemu ya volti hupotea humohumo:

V = E − Ir, na I = E ÷ (R + r)

Chukulia stata na nyaya zake zina R = 0.19 Ω. Betri mpya ina r = 0.02 Ω, hivyo I = 12.6 ÷ 0.21 = ampea 60, na V = 12.6 − 1.2 = volti 11.4. Injini inazunguka.

Betri iliyochoka, ambayo sahani zake za risasi zimefunikwa na salfeti ngumu, tuseme ina r = 0.23 Ω. Sasa I = 12.6 ÷ 0.42 = ampea 30 tu, na V = volti 5.7. Stata imeshindwa, ingawa mita ilisoma 12.6 dakika moja kabla. Na taa je? Taa ya wati 35 huvuta takriban ampea 3, hivyo hupoteza volti 0.7 tu ndani ya betri. Ndiyo maana inawaka. Anayeandika "taa inawaka, kwa hiyo betri ni nzima" amekosa.

Lakini pwani yetu ina mshtakiwa wa pili. Upepo wa bahari una chumvi na unyevu, na vibanio vya betri huota unga mweupe au kutu ya kijani. Tuseme kutu hiyo imeongeza ukinzani wa 0.105 Ω kwenye betri ileile mpya. Jumla ni 0.315 Ω, mkondo ni ampea 40. Volti 4.2 zinapotea kwenye kutu, na stata inabaki na volti 7.6.

Kuwatofautisha ni rahisi: pima wakati stata imebonyezwa. Betri ikishuka mpaka 5.7, imechoka. Ikibaki karibu na 11.8, weka mita kati ya ncha ya betri na kibanio chake; ukiona volti 4, tatizo ni kutu. Brashi ya waya inatosha, dukani hakuna haja ya kwenda. Fungua waya wa hasi kwanza, maana spana inayogusa chanya na bodi kwa pamoja ni shoti.

Ikibidi kununua, volti zilingane na za zamani, ncha ziwe upande uleule, na betri ikae vizuri kwenye kisanduku chake. Kuhusu ampea-saa (Ah), achana na maneno ya kijiweni kwamba "betri ya ampea nyingi inaunguza taa". Mkondo wa taa huamuliwa na volti na ukinzani wa taa. Ah hueleza betri itadumu muda gani. Kinachounguza ni kuunga betri mbili za volti 12 kwa mfuatano, hapo ni volti 24.

Betri kavu haimwagiki kwenye njia za mchanga. Ya maji hugharimu uangalizi: joto hukausha maji yake, na huongezwa maji yaliyokenekwa, kamwe si ya kisima wala asidi. Injini ikinguruma, mita isome takriban 13.5 hadi 14.5. Ikibaki 12, mfumo wa kuchaji ni mbovu, na hata betri mpya itaisha.

Swali. Bajaji imelala Msimbati. Taa zenye jumla ya wati 48 zimeachwa zikiwaka kuanzia saa 2:00 usiku. Betri ni ya volti 12, 32 Ah, imejaa.
(a) Itaisha saa ngapi?
(b) Kwa nini stata itashindwa kabla ya hapo?
(c) Ingekuwaje kwa betri ya 9 Ah?

Majibu. (a) I = 48 ÷ 12 = ampea 4; 32 ÷ 4 = saa 8, yaani saa 10:00 alfajiri. (b) Betri inavyoisha, E hushuka na r hupanda, hivyo mkondo wa stata hupungua. (c) 9 ÷ 4 = saa 2 na dakika 15; imeisha saa 4:15 usiku.