Vipande Vimeshikana: Je, Picha ni ya Kweli?



Katika somo hili tutazungumzia mchezo wa kuunganisha vipande vya picha, ambao wengi huuita pazo. Mchezo huu ulianza kama kifaa cha kufundishia. Katika miaka ya 1760, mchongaji ramani wa London, John Spilsbury, alibandika ramani juu ya mbao nyembamba, akazikata kwa kufuata mipaka ya nchi ili watoto wajifunze jiografia.

Siku hizi hukatwa picha za kila aina, ikiwemo michoro ya kale ya elimu ya falaki. Mingi hutokana na kitabu Harmonia Macrocosmica, kilichochapishwa Amsterdam mwaka 1660. Mwandishi wake, Andreas Cellarius, alikuwa mkuu wa skuli katika mji wa Hoorn, Uholanzi. Kitabu kina michoro mikubwa 29 yenye rangi za kupendeza.

MICHORO MITATU

Tuangalie mipangilio mitatu iliyochorwa humo:

1. Wa Ptolemy, ambaye vitabu vya Kiarabu humwita Batlamyus, aliyeishi Iskandaria katika karne ya 2. Dunia iko katikati, imetulia. Mwezi, jua na sayari vyote vinaizunguka.

2. Wa Copernicus, aliyetoa kitabu chake mwaka 1543. Jua liko katikati, na dunia ni sayari inayolizunguka.

3. Wa Tycho Brahe wa Denmark, aliyefariki mwaka 1601. Jua linaizunguka dunia, lakini sayari nyingine zinalizunguka jua.

Sasa tufikiri. Kila mchoro ukikatwa vipande 1000, yote mitatu itakamilika. Hakuna kipande kitakachogoma kuingia mahali pake. Lakini mitatu haiwezi kuwa kweli kwa pamoja! Basi vipande vikishikana, tunajua jambo moja tu: tumeipata picha kama alivyoichora mchoraji. Hatujajua bado kama mbingu ziko hivyo.

NI KIPI KILICHOAMUA?

Kilichoamua ni kuziangalia mbingu zenyewe. Mwaka 1610 Galileo aliitazama sayari ya Zuhura kwa darubini, akaiona ikibadilika kama mwezi, kutoka hilali hadi kukaribia duara kamili. Katika mpangilio wa Ptolemy jambo hilo haliwezekani, kwa kuwa humo Zuhura haipiti kamwe nyuma ya jua. Mchoro wa kwanza ukaanguka.

Wa Brahe ulibaki, kwani humo pia Zuhura hulizunguka jua. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1728, James Bradley wa Uingereza alipotambua kwamba nyota huonekana kusogea kidogo sana na kurudi kila mwaka, kwa sababu dunia yenyewe imo mwendoni.

Hata wa Copernicus ulisahihishwa. Mwaka 1609 Kepler alionyesha kuwa njia ya sayari ya Mirihi si duara kamili. Na leo tunajua kuwa jua si kitovu cha ulimwengu wote, bali ni nyota moja miongoni mwa nyota nyingi mno.

WANAZUONI WA KIISLAMU

Kazi ya kupima maneno ya Ptolemy haikuanzia Ulaya. Mwaka 964, Abdul-Rahman as-Sufi alitoa kitabu chake cha nyota. Hakunakili tu orodha ya Ptolemy, bali alizitazama nyota mwenyewe na kuandika mwangaza wake kama alivyouona. Ibn al-Haytham aliandika kitabu kizima cha shaka juu ya Ptolemy. Naye Ibn ash-Shatir, muwaqqit aliyesimamia nyakati za swala katika Msikiti wa Umayya, Damascus, katika karne ya 14, alitengeneza hesabu mpya ya mwendo wa mwezi. Hesabu ya Copernicus, iliyokuja baadaye, inafanana nayo sana.

Wanazuoni hawa walimheshimu Ptolemy na walisoma kwake. Lakini heshima haikuwazuia kupima aliyoyasema.

FUNZO KWETU

Habari nazo hutufikia vipande vipande: ujumbe wa simu, picha, maneno ya barazani. Tunaviunganisha, vinashikana vizuri, na mara tunamhukumu jirani kwa jambo ambalo hakulifanya. Mzushi hodari huvichonga vipande vyake vishikane. Katika darasa la Hadithi tunafundishwa kuwa maneno mazuri peke yake hayatoshi. Huangaliwa pia ni nani waliyoyapokea na kuyafikisha. Basi na tuulize: habari imetoka wapi? Nani ameshuhudia? Tutaipima vipi? Tukishindwa kujibu, tunyamaze, maana jina la mtu likishachafuka ni vigumu kulisafisha.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mchoro wa Brahe una tofauti gani na wa Ptolemy?
2. Kwa nini Zuhura haikutosha kuuangusha mchoro wa Brahe?
3. Taja habari moja uliyoisikia wiki hii. Je, umeipima, au umeona vipande vimeshikana tu?

Wabillahi tawfiq.