Mashine ya Msasa wa Duara Katika Karakana

Swali: Seremala mwenye karakana ndogo Kitengela, Kaunti ya Kajiado nchini Kenya, aitumie na kuitunza vipi mashine yake ya msasa wa duara?

Jibu: Katika mashine hii, ambayo ni bamba la chuma lililobandikwa msasa na kuzungushwa na mota, nusu moja ya bamba huteremka kuelekea mezani na nyingine hupanda, kwa hiyo mbao hukandamizwa upande unaoteremka tu, kwa kuwa upande unaopanda huinyanyua na kuirusha. Bamba la milimita 300 linalozunguka mara 1,400 kwa dakika hukimbia ukingoni kwa takriban mita 22 kwa sekunde, kasi isiyompa fundi muda wa kuokoa kidole. Ndiyo maana pengo kati ya meza na bamba lisizidi milimita 2, na glavu zisivaliwe kamwe.

Vumbi la mbao, ambalo wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wameliorodhesha miongoni mwa visababishi vya saratani, halionekani kuwa adui, na hapo ndipo madhara yake yanapozidi. Barakoa na kivuta vumbi ni vya lazima, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake.

Karakana za Kajiado zinazotengeneza vitanda na mageti pamoja zisisugue chuma kwenye mashine ya mbao, maana cheche huweza kuwasha vumbi lililojikusanya ndani. Msasa uliochanika hubadilishwa mara moja, plagi ikiwa imechomolewa.