Mwanangu hatulii hata dakika moja, na shuleni anachapwa kila siku

Shikamoo Bi Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Morogoro. Huyu wa pili, Idi, ana miaka tisa na yuko darasa la tatu. Tangu akiwa mdogo hatulii. Nikimtuma chumvi dukani, namkuta kiwanjani anacheza mpira na hajui pesa ameiweka wapi. Muhula huu ameshapoteza sweta mbili. Akila, anainuka kabla hajamaliza. Watu wakizungumza, anawakatiza. Lakini ana huruma, na akiharibu huja mwenyewe kuomba radhi. Kesho yake anarudia lile lile.

Shuleni mwalimu analalamika kwamba anazurura darasani, anajibu kabla ya kuulizwa na mazoezi hamalizi. Anachapwa karibu kila siku. Juzi alirudi na karatasi ya hesabu: maswali manne ya kwanza amepata, la tano amejumlisha mahali pa kutoa, yaliyobaki hakuyagusa, amechora magari. Mwalimu ameandika kwa wino mwekundu: “Mvivu. Akili anayo ila hataki.”

Baba yake anataka tumpeleke bweni akanyooshwe. Anasema hata yeye utotoni alikuwa hivyo hivyo, fimbo ndiyo iliyomtengeneza. Mama mkwe anasema nimemdekeza. Jirani yangu muuguzi anasema huenda ni ADHD, lakini Baba Idi hataki kusikia. Kwake hayo ni magonjwa ya Wazungu yaliyoletwa na simu. Nimechoka, Bi Mshauri. Siku nyingine nampiga, kisha naingia ndani nalia. Nifanyeje?

Mama Idi, Morogoro
(Majina yamebadilishwa)

Marahaba, mwanangu Mama Idi. Pole sana. Kulea mtoto wa namna hii huku kila mtu akikunyooshea kidole kunachosha mwili na moyo.

Nianze na ile karatasi ya hesabu, maana imebeba mambo mengi. Asiyejua hesabu hapati maswali manne mfululizo. La tano aliona namba, alama ikampita. Baada ya hapo akili ikahamia kwenye magari. Kwamba akili anayo, nakubaliana na mwalimu. Kwamba hataki, sikubali. Idi anajua la kufanya. Linalomshinda ni kulifanya pale pale linapotakiwa na kulishikilia mpaka liishe. Ndiyo maana anaomba radhi kwa moyo wake wote na kesho anarudia. Mawaidha ya jioni na viboko vya baadaye vinamkuta jambo limeshapita. Msaada wake lazima uwe karibu naye, wakati ule ule anapouhitaji.

Jirani yako amekuelekeza vizuri, ila jina la ugonjwa atalitoa mtaalamu. ADHD ni hali ya ubongo inayomfanya mtoto ashindwe kutuliza mawazo, mwili au pupa yake kama wenzake wa rika lake. Watafiti wanakadiria kuwa takribani watoto 5 katika kila 100 duniani wanayo. Mwambie Baba Idi kwamba haikuletwa na simu: mwaka 1902, daktari wa watoto George Still wa London alitoa mihadhara kuhusu watoto wa aina hii, na wakati huo hata televisheni haikuwapo. Mama mkwe naye aelezwe kwa upole kwamba kudekezwa hakuleti ADHD. Kwa sehemu kubwa hurithiwa, na watoto waliozaliwa njiti au na uzito mdogo huipata zaidi.

Kwa hiyo nenda hospitali. Daktari atataka kujua kama dalili zilianza kabla ya miaka 12, kama zimedumu kwa miezi 6 au zaidi, na kama zinaonekana nyumbani na shuleni pia. Hakuna kipimo cha damu kinachotoa jibu, kwa hiyo beba madaftari yake, karatasi ile na maelezo ya mwalimu. Omba apimwe macho na masikio, maana asiyeona ubao naye huzurura. Sema kama anakoroma sana usiku, kama aliwahi kupata degedege au malaria iliyopanda kichwani, na kama kuna nyakati anaduwaa kwa sekunde chache asisikie akiitwa; kipo kifafa cha namna hiyo, kisicho cha kuanguka. Kisha omba rufaa kwenye kliniki ya afya ya akili. Jina hilo lisikutishe, hakuna anayesema mwanao ni kichaa. Zipo dawa zinazosaidia, kama methilifenideti, lakini ni za kuandikiwa na kufuatiliwa na daktari, kwa sababu zinaweza kupunguza hamu ya kula na usingizi. Usinunue kienyeji, wala usimpe dawa ya mtoto mwingine.

Wakati unasubiri, anza nyumbani.

Kwanza, namna ya kumwagiza. Usimpigie kelele kutoka jikoni. Msogelee, mshike bega, subiri akutazame, mpe jambo moja tu, kisha arudie kwa mdomo wake: “Chumvi, halafu nyumbani.” Akirudi moja kwa moja, msifu pale pale na utaje alichofanya: “Umekwenda na kurudi bila kusimama kiwanjani, safi sana.”

Pili, zawadi ije haraka. Ahadi ya baiskeli mwisho wa mwaka iko mbali mno kwa mtoto huyu. Tafuta kopo na vifuniko vya soda. Kila akitimiza jambo mlilokubaliana, kifuniko kimoja kinaingia palepale mbele ya macho yake. Vikifika kumi, anachagua: kucheza drafti na baba yake, au nusu saa zaidi ya mpira. Alichokwisha kukipata usimnyang’anye kwa kosa jingine, maana akiona kopo linapungua atakata tamaa.

Tatu, asubuhi itengenezwe usiku. Begi, viatu na sweta viwekwe karibu na mlango kabla hajalala. Kwa kuwa anapenda kuchora, achore mwenyewe mpangilio wa asubuhi: kuoga, kuvaa, chai, begi. Ubandikeni ukutani, mahali anapovalia. Ukimwona amesimama ameduwaa na soksi mkononi, mwonyeshe picha inayofuata, usirudie hotuba.

Nne, kazi za shule. Akitoka shule ale, acheze, ndipo akae. Zima televisheni. Dakika kumi za kazi, tano za kuinuka. Funika karatasi ubakishe mstari mmoja wa maswali, na kabla ya kukokotoa azungushie alama ya kujumlisha au kutoa kwa penseli ya rangi. Swali la tano lingepona kwa njia hiyo.

Tano, kosa. Sheria za nyumbani ziwe chache. Akivunja moja, adhabu iwe fupi na iishe siku hiyo hiyo, kama kukosa katuni jioni. Na wewe, hasira ikipanda, toka nje kwanza. Mwombe baba au bibi yake akae naye nusu saa. Kuomba kupokewa si aibu, na mtoto huyu anahitaji mama aliyepumzika kidogo.

Sasa shuleni. Nenda kwa mwalimu wa darasa, ila usiende kushtaki. Ana darasa lililojaa, naye amechoka kama wewe. Mwambie, “Mwalimu, nimekuja tusaidiane.” Muombe mambo ambayo hayana gharama: Idi akae dawati la mbele, mbali na mlango na dirisha, pamoja na mtoto mtulivu. Zoezi la maswali kumi aligawe, akimaliza matatu apeleke daftari likasahihishwe. Hapo anapata na sababu halali ya kuinuka. Apewe kazi ya kufuta ubao au kukusanya madaftari. Na mapumziko asinyimwe, kwa sababu kukimbia kunamsaidia kutulia kipindi kinachofuata.

Mpelekee pia daftari dogo lenye mistari miwili kwa siku: “Amemaliza zoezi la asubuhi” na “Ameinua mkono kabla ya kujibu.” Mwalimu anaweka vema au anaacha wazi, basi. Nyumbani kila vema ni kifuniko kwenye kopo. Mwalimu akisahau siku moja, usimlaumu.

Kuhusu viboko, lisemwe wazi. Kanuni za nchi yetu zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Kuchapwa kila siku kwa kushindwa kutulia kuko nje ya kanuni hizo. Zaidi ya kanuni, kiboko hakimfundishi mtoto kuiona alama ya kutoa. Kinamfundisha kuichukia shule. Zungumza na mwalimu kwanza. Isiposaidia, mwone mwalimu mkuu.

Bweni hapana. Tangu mwaka 2023 Wizara ya Elimu imezuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Hata angekuwa mkubwa zaidi, mtoto anayehitaji mtu wa kumkumbusha karibu naye hafai kupelekwa mahali ambapo mlezi mmoja anaangalia kundi la watoto.

Baba Idi nisikilize nawe, kama mama. Umesema ulikuwa hivyo hivyo, na kwa kuwa hali hii hurithiwa, huenda ni kweli. Basi katika nyumba hiyo wewe ndiye unayemwelewa Idi kuliko wote. Kumbuka utoto wako vizuri: ni fimbo iliyokutengeneza, au kuna mtu aliyekupa kazi uliyoiweza, akakuamini na kukufuatilia? Uwe mtu huyo kwa mwanao. Mwambie kwamba hata wewe kutulia kulikushinda. Maneno hayo yakitoka kinywani mwako yana uzito ambao mimi na mama yake hatuna.

Na wazazi wenye watoto wanaokaa kimya dirishani, hasa wasichana, msijione hamhusiki. Wapo wenye ADHD wasiosumbua mtu. Mawazo yao yanasafiri tu, na hufika darasa la saba bila yeyote kugundua.

Mama Idi, usianze yote kwa pamoja. Wiki hii shika mawili: kumwagiza jambo moja moja, na kopo la vifuniko. Baada ya wiki chache vifuniko vitamchosha. Badilisha zawadi, usiache utaratibu. Utakuwa na siku mbaya katikati ya siku nzuri, na hiyo haina maana kwamba umeshindwa. Hali hii mara nyingi huendelea hadi ukubwani, ila mtoto aliyesaidiwa mapema hujifunza kuishi nayo, akasoma, akafanya kazi, akaitunza familia yake. Kesho nenda kwa mwalimu umwombe maelezo ya maandishi kabla shule hazijafungwa, ili siku ya hospitali uwe nayo mkononi. Baba Idi aende nawe.

Wako,
Bi Mshauri