SOMO: TAA ZA URUJUANIMNO NA CHAPA JUU YA VYOMBO VYA PLASTIKI

Wahenga walisema, vyaelea vimeundwa. Kopo la mtindi, ndoo ya mafuta ya kupikia na chupa ya sabuni hutufikia vikiwa na chapa za rangi nzuri, nasi huzitazama bila ya kuuliza zilikaukaje juu ya kitu kisichofyonza wino. Somo hili limekusudiwa watumishi wa Serikali wenye dhamana ya kuagiza, kupokea na kukagua bidhaa, pamoja na wananchi wote watumiao vyombo hivyo majumbani. Jambo moja yafaa lishikwe tangu mwanzo: wino unaoonekana mkavu si lazima uwe umekauka, na tofauti hiyo inaweza kufika ndani ya chakula.

1. Kwa nini nuru, wala si moto

Karatasi hunywa wino. Plastiki hainywi. Wino wa kawaida ukipakwa juu yake hukaa kama tope juu ya kigae, ukingojea kiyeyushi kilichomo kiruke hewani. Kuuharakisha kwa joto kali hakufai, kwani kikombe cha polistairini huanza kulegea karibu na nyuzi 100 za Selsiasi, na chupa nyingi za maji na soda hulegea hata kabla ya hapo.

Kwa sababu hiyo viwanda vingi hutumia wino wa namna nyengine, ambao haukaushwi bali hugandishwa. Wino huo una molekuli ndogo zilizo tayari kushikana, na ndani yake hutiwa kemikali ambayo katika somo hili tutaiita kianzishi. Kianzishi kikipigwa na miale ya urujuanimno, yaani nuru iliyopita rangi ya urujuani ambayo jicho halioni, huvunjika na kuziamsha molekuli zile. Nazo hushikana mkono kwa mkono hadi zikawa utando mmoja mgumu. Kazi yote hiyo humalizika kwa muda usiozidi sekunde moja. Mwananchi aliyezibwa jino kwa dawa laini, kisha daktari akaimulika kwa nuru ya buluu mpaka ikawa ngumu, ameliona jambo la jinsi hiyo kinywani mwake.

2. Taa yenyewe

Taa iliyozoeleka ni bomba la kwazi lenye zebaki ndani yake. Kioo cha kawaida hakifai kwa sababu huizuia sehemu kubwa ya miale inayotakiwa. Umeme ukipita, zebaki hugeuka mvuke na kutoa miale, huku bomba lenyewe likifikia joto la nyuzi 600 na zaidi. Taa hii huhitaji dakika kadhaa kabla ya kufikia nguvu zake, na ikizimwa haiwaki tena mpaka ipoe.

Siku hizi zipo pia taa za LED, zitoazo miale ya urefu maalumu kama vile nanomita 365, 385 au 395. Hizi huwaka papo hapo, hazina zebaki, hazipashi chombo joto jingi, na huweza kudumu kwa saa zaidi ya 10,000, ilhali bomba la zebaki mara nyingi huhitaji kubadilishwa baada ya saa 1,000 au 2,000 hivi. Hata hivyo, wino uliotengenezwa kwa taa ya zebaki hauwezi kuhamishiwa kwenye taa ya LED bila ya kupimwa, kwani kianzishi chake huenda kisiitikie nuru hiyo.

3. Wino mkavu juu, mbichi chini

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Taa ya zebaki huchakaa kimya kimya. Miale yake hupungua siku baada ya siku, lakini kwa macho huendelea kung'aa kama mpya. Kioo cha kurudishia nuru kikishika vumbi, hali huwa hiyo hiyo. Aidha, wino mweupe na mweusi huizuia miale isifike chini. Ukipakwa kwa unene, uso wake huganda na tumbo lake likabaki bichi. Kuiendesha mashine kwa kasi ili kumaliza oda huzidisha tatizo, kwani kila kopo hupata nuru kidogo zaidi. Kwa hivyo fundi makini haamini macho yake. Huweka daftari la saa za taa, hupima nguvu ya miale kwa kipimo maalumu, na husafisha vioo kwa ratiba.

Wino usioganda sawasawa hubakisha molekuli huru na vianzishi vinavyoweza kuhama. Tukumbuke namna vikombe vinavyowekwa ghalani: kimoja hutumbukizwa ndani ya kingine. Upande wa nje wenye chapa hugusana na upande wa ndani wa kikombe kinachofuata, ambao ndio utakaotiwa chakula. Baadhi ya kemikali huweza hata kupenya ukuta wa plastiki wenyewe.

4. Yaliyotokea Ulaya

Mnamo Novemba 2005, wakuu wa Italia walikamata mamilioni ya lita za maziwa ya watoto wachanga baada ya kugunduliwa ndani yake kianzishi kiitwacho ITX, kilichotoka katika wino wa pakiti za karatasi. Upande uliopigwa chapa ulikuwa umegusana na upande wa ndani. Mwezi uliofuata Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza kwamba kuwepo kwa kemikali hiyo hakukubaliki vyema, ingawa kwa kiwango kilichoonekana hakukuwa na sababu ya kuhofia afya. Mwaka 2009 kianzishi chengine kilikutwa katika nafaka za kifunguakinywa nchini Ujerumani na Ubelgiji, nacho kilitoka katika maboksi yake.

Mafunzo ya matukio hayo ni mawili. Kwanza, hakuna mlaji aliyeweza kuliona kosa. Pili, lililogundua ni maabara.

5. Usalama wa wafanyakazi

(a) Miale hii huunguza macho na ngozi. Maumivu ya macho, mfano wa mchanga uliongia, huja saa kadhaa baadaye, kama yanavyompata mchomaji vyuma asiyevaa kinga. Mashine isiendeshwe ikiwa ngao zake zimefunguliwa.

(b) Baadhi ya taa za zebaki hugeuza oksijeni ya hewa kuwa ozoni, ambayo hudhuru mapafu. Bomba la kutolea hewa lazima liishie nje ya jengo.

(c) Wino mbichi huweza kuleta mzio wa ngozi usioondoka. Uoshwe kwa sabuni na maji, kamwe si kwa tina.

(d) Taa ikivunjika, watu watoke na madirisha yafunguliwe. Zebaki isifagiwe kwa ufagio, bali ikusanywe kwa karatasi ngumu na kutiwa ndani ya chombo chenye kifuniko. Taa chakavu zisitupwe jaani. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki ulianza kutumika tarehe 16 Agosti, 2017.

6. Mambo ya kuzingatia

Mtumishi anayeagiza vyombo vya chakula vyenye chapa adai mambo matatu kwa maandishi: kwamba wino ni wa aina iliyokusudiwa vyombo vya chakula, ambao vianzishi vyake havihami kwa wepesi, kwamba mtengenezaji hupima nguvu ya taa zake mara kwa mara, na kwamba kuna cheti cha maabara kuhusu uhamaji wa kemikali.

Wakati wa kupokea, abandike selotepu juu ya chapa na kuibandua kwa ghafla, kisha asugue chapa kwa pamba yenye spiriti. Rangi ikitoka, mzigo una kasoro. Hata hivyo, rangi isipotoka si ushahidi wa kutosha. Jaribio hilo hupima mshiko wa wino, wala halichukui nafasi ya maabara.

Wananchi nao wanashauriwa kuosha upande wa ndani wa vikombe vipya vilivyopangwa kimoja ndani ya kingine kabla ya kuvitumia, na kutokununua vyombo vya chakula ambavyo rangi yake inanata au kunuka wino.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini wino wa plastiki haukaushwi kwa joto kali?
2. Taa inayong'aa yaweza vipi kuwa dhaifu?
3. Kemikali ya upande wa nje hufikaje upande wa ndani wa kikombe?
4. Jaribio la selotepu linathibitisha nini, na nini halithibitishi?