Alinikaribisha Hamburg, sasa amenyamaza

Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga. Shoga yangu wa tangu utotoni, tuliyekaa naye dawati moja, yuko Hamburg, Ujerumani, mwaka wa tisa sasa. Anafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Kila tukiongea hunilalamikia upweke, na kwamba hata nazi anakula ya kopo, kisha huniambia, "Njoo bwana, nyumba ipo." Nikaanza kuweka akiba. Mchezo wetu wa kila mwezi ulipofika zamu yangu nikautia humo humo, na sasa nauli imekaribia kutimia. Nikamwambia nitakwenda likizo ya Juni, nikae mwezi mzima.

Tangu siku hiyo amebadilika. Ujumbe anausoma asubuhi, jibu linakuja kesho yake: "Tutaongea, shoga." Mwenzetu mmoja tuliyesoma naye anasema Ulaya imemtia kiburi. Mume wangu ameridhia, mama wa shoga yangu ameshaniahidi samli na machungwa ya Muheza nimpelekee mwanawe, majirani wameanza kuleta bahasha. Shangazi, niende au niache?

Mwalimu, Tanga

Mwanangu,

Nenda. Ila usikae mwezi mzima, na usikate tiketi kabla hamjazungumza mambo mawili mnayoyaonea haya nyote wawili: siku zake na fedha zake.

Habari ya kiburi iache. Huyo anayekwambia hivyo hajakaa na shoga yako miaka tisa hii. Tupige hesabu. Sheria ya Ujerumani inampa mfanyakazi wa siku tano kwa wiki likizo isiyopungua siku 20 za kazi kwa mwaka, na waajiri wengi huongeza kidogo. Siku 20 za kazi ni wiki nne. Ndiyo mwezi wako huo! Siku hizo hizo ndizo anazokuja nazo Tanga kumwona mama yake, ndizo anazotumia akifiwa. Tena hiyo Juni, ambayo kwetu ni kipupwe, kwao ni majira ya joto. Kazini kila mtu anaiwinda likizo ya wakati huo, na kwa kawaida wenye watoto wa shule hufikiriwa kwanza. Ulipomtajia mwezi mzima, yeye alisikia mwaka wake mzima.

Nitakwambia na langu. Miaka mingi iliyopita nilimtembelea rafiki yangu katika mji mwingine wa Ujerumani, nikakaa wiki tano. Alinipa kitanda chake, akasema yeye hupenda kulala sebuleni kwa ajili ya televisheni. Nikaamini. Usiku wa tisa kiu ikanishika, nikaenda jikoni. Nikamkuta amejikunja kwenye kochi la watu wawili, miguu inaning'inia nje, simu iko kifuani, kengele ameitega saa kumi kasoro robo alfajiri. Kwenye mlango wa friji palibandikwa ratiba ya zamu. Jina la mwenzake lilikuwa limekatwa kwa kalamu kwenye zamu mbili za usiku, juu yake limeandikwa lake. Alibadilishana zamu ili Jumamosi anitoe nikaone mji. Nami mchana kutwa nilikuwa nakaa dirishani kumngoja arudi anipikie. Hakunung'unika hata siku moja, na hilo linaniuma mpaka leo.

Ndivyo tulivyolelewa. Mgeni haulizwi ataondoka lini. Tunao msemo wa kumpa mgeni jembe siku ya tatu, lakini ni nani kati yetu aliyewahi kumkabidhi mgeni wake jembe kweli? Shoga yako hawezi kukwambia "mwezi ni mwingi." Ataona amekufukuza. Kwa hiyo anasema tutaongea, halafu haongei. Neno hilo itabidi ulianze wewe.

Na kuna karatasi moja ambayo pengine huijui. Ukiomba viza ya Schengen, ubalozi hutaka kujua nani atabeba gharama zako ukiwa huko. Kama akaunti yako ya benki haiwaridhishi, mwenyeji wako ndiye atakayeingia. Atakwenda ofisi ya wageni ya mji wake na hati zake za mshahara, atie saini kwamba anadhamini malazi yako, chakula, matibabu, hata gharama za kukurudisha Tanga iwapo utakaidi kuondoka. Saini hiyo inambana kisheria, na mtu wa mshahara wa kawaida ana haki ya kuifikiria siku mbili tatu kabla ya kukujibu. Kwa upande wako kuna ada ya viza, yuro 90, ambayo ukinyimwa hairudi, na bima ya safari inayolipa matibabu ya angalau yuro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho wake ni siku 15. Usiingoje hiyo ya mwisho.

Basi mtumie ujumbe wa sauti, si wa maandishi, akusikie unavyosema. Mwambie: "Shoga yangu, nilikosea kukutajia mwezi bila kukuuliza. Nataka kuja siku kumi na mbili tu. Niambie wiki gani zamu zako ni nyepesi, na usiombe likizo zaidi ya siku mbili kwa ajili yangu. Chakula nitachangia. Na kama kunidhamini ni mzigo, sema, nitasubiri mwaka mwingine, wala sitakasirika." Kisha nyamaza, mwache apumue. Akisema mwakani, ni mwakani, na fedha yako ibaki benki. Usimpelekee mama yake mashtaka.

Akisema njoo, siku za kazi zake usimngoje dirishani kama nilivyofanya mimi. Pika, fua, akirudi akute chakula mezani. Juni kule jua huzama karibu saa nne za usiku, kwa hiyo hata akitoka kazini saa nane mchana mna mchana mwingine mzima mbele yenu, na usimtoe pesa kuutumia. Pale Landungsbrücken, kwenye mto Elbe, kuna feri za abiria zinazopandwa kwa tiketi ile ile ya basi. Kaeni juu mtazame meli za makontena zikiingia bandarini, mzungumze. Beba sweta.

Siku moja ambayo yeye yuko zamu, nenda peke yako makaburi ya Ohlsdorf. Amezikwa humo Sayyida Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844. Alifika Hamburg mwaka 1867 na mumewe Mjerumani. Mwaka 1870 mume akafa kwa ajali ya tramu, akamwacha na watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi ambayo hakuizoea. Barua alizoandika kuhusu miaka ile zimejaa upweke, na alifariki Ujerumani mwaka 1924 hamu ya Unguja isimtoke. Simama hapo kidogo umfikirie na shoga yako, anayelala na kuamka kwa lugha ya watu. Anapokwambia njoo, mwanangu, anamaanisha. Siku zenyewe tu ndizo hana.

Sasa mizigo. Samli ni kitu cha maziwa, na Umoja wa Ulaya hauruhusu msafiri kuingia na maziwa wala nyama kutoka kwetu. Mshukuru mama wa watu na umweleze, asije akaona umedharau. Machungwa yanahitaji cheti cha afya ya mimea, yaache Muheza. Bahasha zilizofungwa zirudishe kwa wenyewe leo leo. Usivuke mpaka na kitu usichokijua ndani. Na wanaokuagiza simu waambie huendi dukani, unakwenda kwa mtu.

Nazi inaruhusiwa. Nazi, ndizi, nanasi na tende huingia bila cheti. Nunua tano zilizokauka vizuri, uzitikise moja moja usikie maji, uzifunge kwenye kanga utakayomwachia. Na umpelekee mbuzi, ile ndogo ya kukunja. Iweke kwenye sanduku la kupakiwa chini, si kwenye begi la mkononi, maana ulimi wake ni chuma na watakunyang'anya uwanjani.